Mkopo wa Elimu ya Juu Hufuata Maendeleo ya Masomo: Yanayowahusu Wanafunzi wa Shahada za Juu na Familia Zao

KILOSA, MOROGORO

Mwanafunzi wa elimu ya juu anayenufaika na mkopo wa Serikali hapewi uhakika wa fedha za miaka yote ya masomo kwa sababu tu alipangiwa mkopo katika mwaka wake wa kwanza. Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, malipo yake hutegemea mambo mawili. La kwanza ni kwamba amefaulu na kusajiliwa kuendelea na hatua inayofuata. La pili ni kwamba chuo chake kimeithibitisha taarifa hiyo na kuiwasilisha kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB).

Sharti la kwanza linafahamika kwa wengi. La pili halifahamiki vizuri, na ndilo linalowakwamisha baadhi ya wanafunzi ambao hawakufeli mtihani wowote. Hali hiyo huwagusa zaidi wanafunzi wa shahada ya uzamili na uzamivu, kwa kuwa sehemu kubwa ya masomo yao ni utafiti, na utafiti hauna karatasi ya mtihani inayosahihishwa mwishoni mwa muhula.

Kwa kaya za vijijini, kama zile za Kata ya Ulaya iliyopo kwenye njia inayounganisha mji wa Kilosa na Mikumi, suala hili si la chuoni peke yake. Mkopo uliosimama hugeuka mzigo wa nyumbani: mahindi huuzwa kabla bei haijapanda, ada ya mdogo wake anayesoma sekondari huahirishwa, au mwanafunzi mwenyewe hurejea kijijini katikati ya muhula akisubiri jibu.

Chimbuko la sharti

HESLB ilianzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kabla yake, mikopo ya wanafunzi ilisimamiwa moja kwa moja na wizara iliyokuwa na dhamana ya elimu ya juu, na Bodi iliporithi jukumu hilo ilikabidhiwa pia kazi ya kukusanya madeni ya wanufaika waliokopeshwa tangu Julai 1994. Fedha inayokusanywa kutoka kwa waliohitimu huungana na ile inayotengwa katika bajeti ya Serikali, kisha hukopeshwa wanafunzi wengine.

Mzunguko huo ndio unaoeleza kwa nini maendeleo ya masomo hufuatiliwa. Mkopo wa elimu hautolewi kwa dhamana ya nyumba wala shamba. Dhamana yake kubwa ni matarajio kwamba mwanafunzi atahitimu, atapata kipato na atarejesha. Mwanafunzi anayebaki katika orodha ya malipo ilhali ameacha chuo huchukua nafasi ya mwenye sifa anayesubiri. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amewahi kueleza katika ripoti zake kasoro za malipo yaliyofanywa kwa wanafunzi wasiokuwepo vyuoni, na uhakiki wa matokeo na usajili ni mojawapo ya njia za kuziba mwanya huo.

Vipimo vitatu vya maendeleo

Maendeleo ya masomo yanaweza kuelezwa kwa vipimo vitatu: ubora wa ufaulu, kasi ya kukamilisha masomo, na muda ambao programu imepangiwa.

Kipimo cha kwanza ni ufaulu. Katika mfumo wa alama wa vyuo vikuu nchini, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), wastani wa alama, maarufu kama GPA, huhesabiwa kati ya 0 na 5. Kwa shahada ya kwanza, alama ya chini ya kufaulu somo ni C, na mwanafunzi anapaswa kuwa na wastani usiopungua 2.0. Kwa shahada ya uzamili, ambayo baadhi ya nyaraka huiita shahada ya umahiri, kiwango kiko juu zaidi: alama ya kufaulu ni B. Mhitimu aliyezoea kuihesabu C kuwa ufaulu akiwa shahada ya kwanza anapaswa kutambua kuwa katika uzamili alama hiyo hiyo humweka kwenye kundi la waliofeli somo.

Kipimo cha pili ni kasi. Mwanafunzi anaweza kufaulu kila somo alilofanya na bado akawa nyuma, kwa sababu hakufanya masomo yote yaliyopangwa katika mwaka husika. Kwa mwanafunzi wa utafiti, kasi hupimwa kwa hatua: kuwasilisha pendekezo la utafiti, kupata kibali cha kukusanya takwimu, kuwasilisha taarifa za maendeleo zilizosainiwa na msimamizi, kukabidhi tasnifu, na kuitetea.

Kipimo cha tatu ni muda. Kila programu ina muda wa kawaida ulioidhinishwa, na ufadhili hupangwa kwa kuzingatia muda huo. Programu nyingi za uzamili zenye masomo ya darasani na tasnifu hupangiwa kati ya miezi 18 na miaka miwili, na za uzamivu kati ya miaka mitatu na minne. Chuo kinaweza kumruhusu mwanafunzi aendelee kusoma baada ya muda wa kawaida kwisha, lakini ruhusa ya kuendelea kusoma na fedha za kuendelea kusoma ni mambo mawili tofauti. Nyongeza ya muda iliyotolewa na chuo haimaanishi kwamba mfadhili naye ameongeza muda wa kulipa.

Ngazi tofauti, miongozo tofauti

Kila mwaka wa masomo hutanguliwa na miongozo ya utoaji wa mikopo, na miongozo hiyo hutofautiana kwa ngazi. Masharti ya stashahada si ya shahada ya kwanza, na ya shahada ya kwanza hayahamii moja kwa moja kwenye uzamili, uzamivu au mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yanayotolewa na Shule ya Sheria Tanzania. Mwombaji wa shahada za juu anapaswa kusoma mwongozo wa ngazi yake na wa mwaka wake, kuanzia sehemu inayoeleza nani anastahili kuomba.

Vivyo hivyo, mkopo usichanganywe na ufadhili. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa ajili ya wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, hairejeshwi kama mkopo. Kwa sababu hiyo, ufaulu unaotakiwa ili kuendelea kunufaika nao uko juu ya ule wa kufaulu tu. Kwa mnufaika wa mkopo, swali ni kama amefaulu kuendelea na mwaka unaofuata. Kwa mnufaika wa ufadhili wa aina hiyo, swali ni kama amebaki katika kiwango kilichomfanya achaguliwe.

Maandalizi ya uzamili huanza mapema. Utaratibu wa TCU unamtaka mwombaji wa kawaida wa uzamili awe na shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7, na chuo kinaweza kuweka kiwango cha juu zaidi. Mwanafunzi aliyeridhika na 2.0 ya kuhitimu anaweza kujikuta amemaliza shahada yake vizuri kisheria, lakini amejifungia mlango wa ngazi inayofuata.

Safari ya taarifa kutoka chuoni hadi kwenye malipo

Baada ya mitihani, matokeo hupitia vikao vya idara na kitivo kabla ya kuidhinishwa na Seneti ya chuo. Matokeo yaliyobandikwa ubaoni kabla ya hatua hiyo ni ya awali. Yakishaidhinishwa, chuo huwasilisha kwa Bodi taarifa za wanafunzi wanufaika: nani amefaulu kuendelea, nani anarudia, nani ameahirisha, nani ameondolewa masomoni. Bodi huzihuisha kumbukumbu zake, kisha huandaa malipo ya wale wanaostahili. Mnufaika anayeendelea na masomo haombi mkopo upya kila mwaka. Kinachomvusha ni taarifa hizo.

Kwenye mnyororo huo kuna sehemu tatu ambako taarifa ya mwanafunzi aliyefaulu inaweza kukwama. Mosi, amefaulu lakini hajakamilisha usajili wa mwaka mpya. Pili, somo moja halina alama, kwa mfano kwa sababu ripoti ya mafunzo kwa vitendo haijapokelewa, hivyo matokeo yake yanasomeka kuwa hayajakamilika. Tatu, jina au namba ya usajili ya chuoni hailingani na ile iliyo kwenye kumbukumbu za mkopo. Katika kila hali, mwanafunzi huona jambo moja tu: wenzake wamelipwa na yeye hajalipwa.

Hatua sahihi ni kuanzia kwenye dawati la mikopo la chuo, ambalo lina afisa anayewasiliana na Bodi, kabla ya kufunga safari kwenda ofisi za Bodi. Afisa huyo anaweza kuona kama tatizo lipo chuoni au limekwishavuka. Mwanafunzi pia anaweza kufuatilia taarifa zake kupitia akaunti yake binafsi katika mfumo wa mikopo, ijulikanayo kama SIPA.

Kuahirisha, kurudia na kuacha

Hali hizi tatu hutajwa mitaani kana kwamba ni moja, lakini matokeo yake kwa mkopo ni tofauti.

Kuahirisha ni kusimama kwa ruhusa. Mwanafunzi huomba kwa maandishi, hueleza sababu kama ugonjwa, uzazi au msiba mzito, na chuo humpa barua yenye tarehe ya kusimama na ya kurejea. Malipo husimama kwa kipindi hicho, na anaporejea chuo huthibitisha kwamba amesajiliwa tena. Barua ya kuahirisha na ya kurejea ndizo ushahidi wake.

Kurudia mwaka ni matokeo ya kitaaluma. Chuo kimempa nafasi nyingine mwanafunzi ambaye hakufikia kiwango, lakini hakufaulu kuendelea na mwaka unaofuata, ambalo ndilo sharti la mkopo kuendelea. Anayejikuta katika hali hiyo anashauriwa kupanga bajeti yake kwa kudhani kwamba gharama za mwaka huo ni zake mwenyewe, hadi atakapopata jibu la Bodi kwa maandishi.

Kuacha masomo bila taarifa ndiyo njia yenye gharama kubwa kuliko zote. Mkopo uliokwishatolewa haufutiki kwa sababu shahada haikupatikana. Wajibu wa kurejesha unamhusu aliyehitimu na aliyesitisha masomo, na hesabu ya kipindi cha matazamio cha miezi 24 huanza tangu kuhitimu au kusitisha. Kwa aliyeajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara. Miongozo ya miaka ya karibuni pia imemtaka mnufaika aliyeacha au kuachishwa masomo, akitaka kuomba mkopo tena, awe amerejesha angalau asilimia 25 ya alichokopeshwa awali. Kijana aliyeondoka chuoni kimyakimya akiwa na miaka 22 anaweza kukutana na sharti hilo akiwa na miaka 30, siku anapopata nafasi ya kusoma tena.

Ipo nafuu moja ambayo wanufaika wanapaswa kuifahamu. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha, ziliondolewa mwaka 2021. Deni la msingi lilibaki palepale.

Mfano wa utafiti unaochelewa

Tuseme mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, amepanga kukusanya takwimu kwa wakulima wa mpunga na ufuta katika vijiji vya Kata ya Ulaya kuanzia Machi hadi Mei. Miezi hiyo ni ya masika. Wilaya ya Kilosa inafahamu vizuri nguvu ya maji: mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa makazi na kuharibu njia ya reli. Hata katika mwaka wa kawaida, mvua zinaweza kuzifanya njia za vijijini zisipitike kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi huyo anaanza kazi yake Juni badala ya Machi, na taarifa yake ya maendeleo inakuwa haijawasilishwa tarehe ya mwisho inapofika.

Kuanzia hapo kuna njia mbili. Katika ya kwanza, mwanafunzi humwandikia msimamizi wake mara anapoona njia imefunga, hueleza sababu, hupendekeza ratiba mpya na kuomba barua hiyo iwekwe kwenye jalada lake katika kurugenzi inayosimamia masomo ya uzamili. Husajiliwa kwa muhula unaofuata hata kama hajarudi chuoni kwa muda mrefu. Chuo kinapoandaa taarifa ya wanafunzi wanaoendelea, jina lake limo, na sababu ya kuchelewa inafahamika.

Katika njia ya pili, mwanafunzi huendelea kusubiri mvua zikatike, akiamini kwamba kazi ikikamilika kila kitu kitajieleza. Anarudi chuoni Agosti akiwa na madodoso yaliyojaa, lakini rekodi inaonyesha hana taarifa ya maendeleo wala usajili wa muhula. Utafiti wa wote wawili una thamani ileile na umecheleweshwa na mvua ileile. Kinachowatenganisha ni barua ya ukurasa mmoja, na pengo la malipo linaweza kugharimu muhula mzima.

Mfano huu unaonyesha jambo la msingi: mfumo wa ufadhili hauwezi kuona juhudi, unaona kumbukumbu. Mwanafunzi wa shahada za juu ndiye mlinzi wa kwanza wa kumbukumbu zake.

Hali ilivyo katika nchi nyingine

Sharti la maendeleo ya masomo si la Tanzania pekee. Nchini Marekani, kanuni za serikali kuu zinamtaka mnufaika wa misaada ya masomo awe na maendeleo ya kuridhisha, yanayopimwa kwa wastani wa alama, kwa uwiano wa masomo aliyoyakamilisha na aliyoyajaribu, na kwa ukomo wa muda. Kwa shahada ya kwanza, ukomo huo hauwezi kuzidi asilimia 150 ya urefu wa programu. Kwa shahada za juu, chuo chenyewe huweka ukomo wake, na anayepoteza sifa kwa sababu kama ugonjwa au kifo cha ndugu anaweza kukata rufaa pale ambapo chuo chake kinaruhusu. Nchini Ujerumani, mnufaika wa msaada wa masomo unaojulikana kama BAföG hutakiwa kuonyesha uthibitisho wa matokeo yake ili msaada uendelee kuanzia muhula wa tano.

Taratibu hizo zinatofautiana, lakini zote zinampa mwanafunzi ujumbe mmoja: sababu ya kuchelewa husikilizwa inapotolewa mapema na kwa ushahidi.

Wajibu wa familia na viongozi wa mitaa

Maombi ya mkopo huwa na sehemu ya mdhamini na ya uthibitisho wa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji. Kwa hiyo mzazi aliyetia saini, na mtendaji aliyegonga mhuri, wote wamekuwa sehemu ya safari hiyo tangu mwanzo. Mdhamini ana haki ya kumuuliza mwanafunzi wake swali lililo pana kuliko “umefaulu?” Maswali yanayofaa ni: Je, umesajiliwa kwa mwaka huu? Matokeo yako yamekamilika? Jina lako limo katika orodha ya wanaoendelea?

Mwanafunzi kwa upande wake anashauriwa kutunza nakala za nyaraka zifuatazo katika jalada moja: barua ya udahili, uthibitisho wa usajili wa kila mwaka, matokeo ya kila muhula, taarifa za maendeleo ya utafiti zenye saini ya msimamizi, barua yoyote ya kuahirisha na kurejea, na taarifa za mkopo zinazoonyesha kiasi alichokwisha kupokea. Nakala moja ibaki nyumbani. Anayefanya utafiti mbali na chuo ahakikishe simu na barua pepe alizosajili bado zinapatikana, kwa kuwa taarifa nyingi za kurekebisha kasoro hutumwa kwa njia hizo na huwa na tarehe ya mwisho.

Malipo yakisimama, mwanafunzi aulize kwanza katika idara yake kama matokeo yamekamilika, kisha katika ofisi ya usajili, na baada ya hapo katika dawati la mikopo la chuo. Iwapo chuo kimethibitisha kwa maandishi kwamba taarifa zimekwishawasilishwa, hatua inayofuata ni kuwasiliana na Bodi kupitia njia zake rasmi, ikiwemo ofisi zake za kanda. Wanafunzi na wazazi wanatahadharishwa kuwa hakuna mtu wa kati anayeruhusiwa kupokea malipo ili kurejesha jina la mwanafunzi katika orodha ya wanufaika. Anayeombwa fedha kwa ahadi hiyo atoe taarifa kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) kupitia namba ya bure 113.

Miongozo ya mikopo hutolewa upya kwa kila mwaka wa masomo, na masharti yanaweza kubadilika. Mwanafunzi anayejiandaa kuanza au kuendelea na shahada za juu anapaswa kuusoma mwongozo wa mwaka husika, pamoja na kanuni za mitihani za chuo chake, kabla ya muhula kuanza.